Kupaka modeli ya ndege ionekane ya mbao kweli: rangi za mafuta, vanishi na propela

Modeli nyingi za plastiki za ndege za mbao shida yake sio kwamba mbao haionekani, shida ni kwamba inaonekana kupita kiasi. Mtu kachukua kahawia iliyokoza, kavuta mistari kuanzia pua mpaka mkia, ndege imegeuka kabati. Kabla hujashika brashi piga hesabu moja ndogo: modeli ya skeli ya 1/48 (yani ndege yenyewe imepunguzwa mara 48) ukiishika sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na umesimama mita 14 na kitu kutoka kwenye ndege yenyewe. Ya 1/32 ni karibu mita 10, ya 1/72 unapita mita 21. Sasa nenda kasimame mita 14 kutoka kwenye mlango wowote wa mbao uliopigwa vanishi uangalie unaona nini. Utaona rangi ya asali, utaona kipande hiki kimekoza kuliko mwenzake, utaona mng'ao, mishipa yenyewe, ile mistari ya nyuzi za mbao, unaibahatisha tu. Na ule mstari wa nusu milimita uliouchora kwenye 1/48, ukiukuza unapata sentimita 2.4, hakuna mshipa wa mbao mnene hivo.

Kwa hiyo kinachofanya jicho liamini ni tofauti ya toni kati ya kipande na kipande, alafu ule ujoto wa vanishi, alafu ndo mishipa, na mishipa iwe ya kunong'ona. Wengi wanaanzia mwisho.

Kwanza hakikisha ndege yako ilikuwa na mbao inayoonekana, maana sio kila ndege ya mbao ilionyesha mbao. Mfalme wa hii kazi ni Albatros, ndege ya kivita ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, ile D.III iliyoingia vitani mwishoni mwa 1916 na D.V ya 1917, kiwiliwili chake ni mapande ya plaiwudi na nyingi ziliachwa na vanishi tu, labda rubani au kikosi waamue kuzipaka, kama Richthofen, yule rubani maarufu wa Kijerumani, na ile nyekundu yake. Pfalz D.III nayo ilikuwa ya mbao, vinia (vipande vya mbao vyembamba kama karatasi) zimezungushwa kimshazari, lakini juu ilivishwa kitambaa na kupakwa kijivu cha fedha, kwa hiyo ukiichora mishipa nje umeharibu, mbao yake iweke ndani ya kokpiti tu, pale anapokaa rubani. Mosquito ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza 1940, ni plaiwudi na balsa karibu yote, ila nje ni kitambaa na rangi, hamna mshipa wa kuona. Fokker D.VII kinyume chake, fremu ya kiwiliwili ni mabomba ya chuma na nguzo za mabawa ni chuma pia, watu wanazipaka mbao kwa mazoea tu. Sopwith Camel inakupa vipande vya plaiwudi pale ubavuni mwa kokpiti na nguzo za mbao, huko kwingine ni bati mbele na kitambaa nyuma. Propela sasa, hiyo karibu kila ndege ya enzi hizo unayo.

Ukiangalia picha za zamani usidanganyike na weusi. Filamu nyingi za wakati ule zilikuwa haziioni nyekundu, na njano ya vanishi ilitoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo mbao inayoonekana kama chokoleti kwenye picha inawezekana kabisa ilikuwa rangi ya asali. Picha itumie kujua mipaka ya mapande na kipande gani kilikoza kuliko kingine, rangi yenyewe usiitafute humo.

Vifaa havitishi. Rangi ya chini ya akriliki au laka, rangi za mafuta za wachoraji zile za kwenye tyubu ndogo (tatu zinatosha: siena mbichi ambayo ni njano ya udongo, siena ya kuchoma ambayo inavutia kwenye wekundu, na amba ya kuchoma ambayo ni kahawia iliyokoza), brashi bapa yenye nywele ngumu, nyingine laini, tepu ya kuzibia, waiti spiriti, na vanishi safi pamoja na rangi ya chungwa inayopitisha mwanga. Eabrashi (brashi ya kupulizia rangi kwa hewa) ikiwepo maisha rahisi ila brashi ya mkono inafanya kazi vizuri tu kwa rangi ya chini ukipiga mikono miepesi miwili mitatu. Brashi ngumu ya bei rahisi, ile iliyochakaa nywele zimeanza kutawanyika, kwa mishipa ni bora kuliko mpya ya gharama.

Angalizo la kikemia kabla hatujaendelea: rangi ya chini isiwe enameli. Waiti spiriti unaoyeyusha rangi ya mafuta unayeyusha na enameli, ukijaribu kufuta mahali ulipokosea unafuta mpaka kwenye plastiki. Akriliki ikishakauka vizuri waiti spiriti haiigusi, na hapo ndo utamu wa njia hii ulipo, kwa sababu kipande kisichokupendeza unafuta na kuanza upya mara nyingi unavyotaka. Asetoni na thina za laka usizisogeze kabisa kwenye hatua hii.

Rangi ya chini lazima iwe nyeupe nyeupe kuliko unavyodhani. Mafuta yatakoza, chungwa itakoza tena, kwa hiyo ukianza na kahawia unamaliza na tope. Kwa wanaotumia rangi za kampuni ya Tamiya, namba XF-57 ni msingi mzuri, XF-59 imevuta njano zaidi, XF-78 iko kati, na ukiongeza tone la nyeupe XF-2 unapata ya nne. Piga kiwiliwili kizima kwa toni moja, ikauke, alafu ziba mapande machache kwa tepu na upige toni ya pili, mengine toni ya tatu. Tofauti iwe ndogo, ukiona inapiga kelele usihofu sana, mafuta yataituliza, lakini ikipiga mayowe punguza. Mapande yafuate mistari ya maungio iliyopo kwenye plastiki, na usifanye draftbodi ya mweusi mweupe mweusi mweupe, kiwandani walichukua shiti iliyokuwa juu ya rundo, kwa hiyo mapande mawili yanayofuatana yanaweza kufanana na la tatu likatoka tofauti.

Kuhusu mng'ao wa rangi ya chini watu wanabishana. Mati, yani isiyong'aa, inakamata mafuta kwa nguvu, inakunywa rangi na kukuachia madoa usiyoweza kufuta. Inayong'aa sana inateleza, brashi inasomba kila kitu. Mimi naona mng'ao wa kati ndo penyewe, yani akriliki ya mati ukaipiga mkono mmoja mwepesi wa vanishi ya nusu mng'ao, ikalala usiku mzima. Jaribu kwenye kijiko cha plastiki au kipande cha mabawa ya modeli iliyokufa.

Sasa mafuta. Kamua kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele kwa kila rangi, juu ya kipande cha boksi sio juu ya sahani. Boksi linafyonza mafuta ya kitani yaliyomo, ukiiacha nusu saa mpaka saa utaona duara la mafuta limejitengeneza kuzunguka rangi, iliyobaki ni nzito, inakauka haraka na haitelezi. Usichanganye na waiti spiriti hapa. Ukiilegeza inageuka kuwa woshi, yani rangi ya majimaji, inakimbilia kwenye maungio na mishipa haishiki.

Chukua pande moja. Sio ubavu mzima, pande moja. Gusa rangi vinukta vitatu vinne kwa ncha ya brashi, siena mbichi nyingi, siena ya kuchoma kidogo, amba ya kuchoma kiduchu, viwe mbalimbali. Visambaze kwa brashi mpaka pande lote liwe na utando mwembamba unaoona rangi ya chini kwa ndani. Pangusa brashi kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, sasa vuta kutoka mwanzo wa pande mpaka mwisho, mkono mmoja bila kusimama katikati, brashi ukiilaza kiasi cha nyuzi 30 hivi. Nywele zinasomba rangi na kuacha mistari myembamba, na hiyo ndo mishipa yako, hukuichora wewe, imechorwa na nywele. Ukisimama katikati panabaki alama kama mtu kakanyaga. Pangusa tena, vuta tena. Kila ukivuta mishipa inakuwa miepesi, kwa hiyo swali ni lini uache, na jibu ni mapema kidogo kuliko unavyotaka kama ni 1/32, na baadaye kidogo kuliko unavyotaka kama ni 1/72.

Mbao sio rula, kwa hiyo wakati unavuta tikisa kifundo cha mkono kidogo sana, mistari iende kwa wimbi refu la uvivu. Lile umbo la matao marefu yanayoingiana, ambalo linatokea ubao ukipasuliwa pembeni ya kiini cha mti, unalipata kwa kona ya brashi, vuta tao moja jembamba katikati ya pande, lingine ndani yake, alafu pitisha brashi laini kavu juu yake mara moja kulituliza. Weka kwenye pande moja kati ya matano, usiliweke kila mahali.

Na vifundo? Hapana. Hakuna kifundo kwenye ndege. Kifundo ni mahali mbao inapovunjika, na mbao za ndege zilichaguliwa safi, nyuzi zimenyooka, kwa hiyo yale macho meusi ya mviringo ambayo watu wanapenda kuyachora ili ionekane mbao zaidi, yanasema kwamba huyu hajawahi kuiangalia ndege, kaangalia meza.

Mwelekeo wa mishipa ni jambo la kufikiria kabla. Pande la ubavu mara nyingi mishipa inakwenda na urefu wa ndege, lakini plaiwudi inaweza kukatwa vyovyote, kwa hiyo ukiwa na picha nzuri fuata picha, na kama huna, weka nyingi kwa urefu na mbili tatu zigeuke kidogo tu pembe yake. Kule puani ambako plastiki imejikunja pande mbili, mistari ifuate mkunjo, usiipitishe kama vile pua ni bapa.

Ili mpaka wa pande uwe mkali unahitaji tepu, na tepu haikai juu ya mafuta mabichi, kwa hiyo fanya kwa kuruka. Leo ziba na upake pande la 1, la 3, la 5, toa tepu hapo hapo rangi ikiwa bado mbichi ili kingo zisijenge ukuta, acha yakauke, siku nyingine ziba juu ya hayo na upake la 2, la 4, la 6. Tepu kabla ya kuibandika ibandike kwanza kwenye kiganja mara moja mbili ipunguze gundi. Inachosha, najua, lakini hakuna njia ya mkato inayofanana nayo, kuvuta mishipa kupitia mapande yote kwa pamoja kunaua kabisa wazo la kwamba ndege ilijengwa kwa vipande.

Kukauka ni subira. Amba inakauka haraka kuliko wenzake kwa sababu ya manganizi iliyo ndani ya udongo wake, siena inachukua muda zaidi, kwa utando mwembamba hesabu siku 2 mpaka 4, ukipaka nene ni wiki na zaidi. Boksi lenye taa ndani linasaidia ila joto lisizidi nyuzi 45, plastiki ya modeli inajikunja kabla hujashtuka, hasa mabawa. Ukigusa mahali pa siri na kidole kikavu na hakuna kinachonata, endelea. Vitambaa ulivyofutia usivifinyange na kuvitupa kwenye ndoo, mafuta ya kitani yakikauka yanatoa joto na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe, vitandaze vikauke ndo utupe. Na fungua dirisha, waiti spiriti sio manukato.

Hatua ya vanishi ndo inayobadilisha plastiki iliyopakwa kuwa mbao. Mpaka hapa kazi yako itaonekana kavu, ya vumbi, imepauka, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kuongeza kahawia. Usiongeze. Chukua vanishi safi, kwa Tamiya ni X-22, ongeza chungwa ya X-26 kidogo, anzia sehemu 1 ya chungwa kwa 10 za vanishi, na ukitaka vanishi mpya ya kiwandani ongeza tone la njano X-24. Legeza vizuri na upige mikono miepesi sana kwa eabrashi, kila mkono uache dakika 20 uangalie kwenye mwanga wa mchana. Chungwa inaingia polepole alafu ghafla imekuwa nyingi, na haitoki. Mapande mawili matatu unaweza kuyaziba na kuyapa mkono mmoja zaidi kuliko mengine, ile tofauti ya toni uliyoianza chini inarudi tena kwa juu na kina kinaongezeka. Asiye na eabrashi apige kwa brashi pana laini, mkono mmoja, asirudie rudie mahali pabichi.

Mwisho vanishi ya nusu mng'ao juu ya yote. Ndege iliyopigwa vanishi iling'aa, ila modeli ikimeremeta kama pipi ukubwa wake unajulikana mara moja. Vile vichwa vya misumari midogo vinavyofuata kingo za mapande kwenye Albatros, kama havipo kwenye plastiki, unavigusa kwa penseli iliyochongwa kali kabla ya mkono huu wa mwisho, kugusa tu, kwenye 1/72 acha kabisa.

Propela ina mantiki yake na ukiielewa haikusumbui tena. Zilitengenezwa kwa mbao bapa, unene wa kama sentimita 2, zimebandikwa gundi moja juu ya nyingine alafu fundi akachonga umbo. Propela nyingi za Wajerumani zilichanganya mbao nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ndo ile milia inayoonekana, wakati za Waingereza mara nyingi zilikuwa za mbao aina moja, mahogani au wolnati, na pale unachoona ni mistari myembamba ya gundi tu. Ukiangalia kitovu kwa ubavu milia ni sambamba na imebanana, kwenye 1/48 kila mmoja ni kama milimita 0.4. Lakini kwenye uso wa panga (ule mkono wa propela unaokata hewa) kisu kimepita kimshazari mno kwenye tabaka, kwa hiyo milia inatanuka, inakuwa mipana, inakwenda kwa tao refu kutoka kitovuni na kuishia ukingoni. Na inapoishia ukingoni kwa mbele inaendelea palepale kwa nyuma, kwa sababu ni ubao uleule. Ukikosea hapo propela inaonekana imebandikwa stika mbili.

Kuifanya: paka propela yote toni nyeupe nyeupe, XF-57 au inayofanana. Kata tepu nyembamba, milimita 1 kwa skeli kubwa, chini ya hapo kwa ndogo, bandika ikifuata tao kutoka kitovu kwenda ncha, pinda mbele kwenda nyuma. Tepu ya karatasi inagoma kujikunja, ya vinili inakubali. Piga kahawia nyekundu kama XF-64 kwa mikono miepesi iliyolegezwa, usiijaze, toa tepu. Sasa mafuta kidogo sana, siena ya kuchoma, ukivuta kwa urefu wa panga, mishipa ipite juu ya milia yote, inaunganisha. Ikikauka, vanishi ya chungwa, na hapa unaweza kuachia chungwa zaidi kuliko kwenye kiwiliwili, propela zilipigwa vanishi ya nguvu. Kwenye 1/72 sahau tepu, chora milia mitatu minne kwa brashi ya ncha na akriliki iliyolegezwa, mkono ukitetemeka kidogo haijalishi, vanishi inasamehe.

Nguzo za mabawa ni dakika tano: msingi, mafuta, vuta kwa urefu, kamwe sio kwa upana. Ndani ya kokpiti ongeza kukoza kidogo kwa sababu mwanga hauingii, na hapo amba ya kuchoma iliyolegezwa ukiipeleka kwenye kona za fremu inafanya kazi ya kivuli.

Dekali (stika nyembamba za kulowekwa kwenye maji) za mishipa ya mbao zipo pia, zile zinazopitisha rangi ya chini, na kwa 1/72 au mtu mwenye ndege nyingi za kumaliza sioni aibu yoyote. Zikate kufuata mapande, pande moja moja, usijaribu kuvisha ubavu mzima, na puani zipasue mikato midogo ukitumia dawa ya kulainisha dekali. Juu yake vanishi ya chungwa kama kawaida, la sivyo zinabaki na sura ya karatasi.

Alama za taifa na namba zibandike baada ya chungwa, kabla ya vanishi ya mwisho ya nusu mng'ao. Ukizitanguliza, weupe wa misalaba unageuka njano pamoja na mbao, na weupe huo haurudi tena mpaka ung'oe dekali yenyewe.